Pua ya Bi Zuwena

Siku ya tatu ya aza, wanawake waliokuja kutupa pole waliianza habari ya pua. Walikuwa wamejaa chumba kizima, migongo ukutani, kahawa inazunguka na sahani ya tende imeshaliwa nusu, na mmoja aliyetoka Fanja akasema kwamba katika Nizwa nzima haijapata kutokea pua kama ya marehemu. Kwamba Bi Zuwena akiinama juu ya mtungi mara moja tu alikuwa anaweza kukwambia siki imebakiza siku ngapi. Mwingine akasema siki ya nyumba hii ndiyo iliyomtuliza mumewe tumbo baada ya madaktari kushindwa. Wa tatu, binti wa Maskati mwenye saa kubwa mkononi, akauliza kama ni kweli bibi yule alikuwa haonji, ananusa tu. "Kweli," wakamjibu wote kwa pamoja, "ananusa tu." Kisha wakanigeukia mimi, mkaza mwana wake niliyekaa naye miaka arubaini, nithibitishe. Nikasema, "Allah amrehemu," nikainuka kwenda kutia kahawa nyingine, na dele lilikuwa bado limejaa. Nilikuwa na siri ya marehemu mdomoni. Mwenyewe alinipa ruhusa ya kuisema akishazikwa, lakini hakunambia niiseme mbele ya watu wenye vikombe mikononi. Basi naiandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipoingia nyumba ile, nimeolewa na Said, mtoto wake, aliyekuwa na kazi wizarani Maskati na akirudi Nizwa mwisho wa wiki tu. Siku nyingine zote nilikuwa na wazee wake wawili: Baba Khalfan, mtu wa Nizwa tangu enzi, mwenye maneno machache na ndevu za kupendeza, na mkewe Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja mjini, mfupi, mwepesi, mwenye ulimi usiokaa. Chini ya nyumba kilikuwapo chumba kirefu chenye giza la ubaridi, zamani kikitumika kwa kukamulia asali ya tende. Sakafu yake ilikuwa bado na vijifereji ambamo asali ilikuwa ikitiririka. Humo ndimo ilimokaa mitungi sita ya siki, kazi ya wafinyanzi wa Bahla, kila mmoja unanifika kifuani, midomo yao imefunikwa shashi nyeupe zilizofungwa kwa kamba. Siku ya kwanza aliponishusha mle ndani alinambia nivue viatu. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya usafi. "Usafi gani," akasema, "sakafu yenyewe ina miaka mia mbili ya uchafu. Vua ili usije na haraka zako za kwenu Ibra." Nilivua, na mpaka leo nikiingia mle navua.

Siki ya nyumba ile haikurithiwa kwa damu. Ilikabidhiwa pua. Baba yake Baba Khalfan alikuwa na binti, Bi Sheikha, aliyekulia katika mitungi ile na kila mtu akijua ni yake. Ikatokea huyu mgeni kutoka Unguja, hana hata miaka mitatu katika nyumba, asubuhi moja akasimama mlangoni na kusema kwamba mtungi wa tatu una mjusi. Wakamcheka. Wakaufungua, wakamkuta mjusi ameelea. Mzee akamkabidhi upawa siku ile ile, upawa wa kifuu cha nazi, kwani chuma na siki havipatani, na Bi Sheikha akahamia ng'ambo ya falaji, mfereji wa maji ya mji, kwa mumewe akiwa na neno lake moyoni. Hata hivyo ilibaki ada: chupa ya kwanza ya kila mwaka ilipelekwa kwa Bi Sheikha, kwa kuwa ni siki ya baba yake. Naye kila mwaka aliifungua, akainusa, akasema "zein", nzuri, wala hakuongeza neno.

Mimi nilikuja na wasia mmoja wa mama yangu. Alinambia wakati ananifunga ukaya kichwani, "Rahma, mkwe hakosei. Ukiona amekosea, ujue wewe ndiye uliyesikia vibaya." Nilimsadiki kama nilivyomsadiki katika yote. Kwa hivyo Bi Zuwena alipoanza maswali yake, mimi nilijua mara moja ni mtihani. Alfajiri akipasha maziwa ananiita: "Hebu njoo. Wasikia harufu gani hapa?" Nikifungua kapu la tende: "Zasemaje?" Tukipita sokoni kwenye mafungu ya samaki waliofika kutoka Sur: "Huyu wa leo au wa jana?" Mimi nilikuwa namtazama usoni kwanza. Akikunja uso, nasema amechina. Akitulia, nasema mzuri. Na pale nisipouelewa uso wake nilikuwa na jibu langu la akiba: "Wewe wajua zaidi, mama." Alikuwa akilisikia jibu lile anapumua kwa nguvu, na mimi nikidhani nimepata alama ndogo. "Weye mtu wa Tabora," alikuwa akinitania, kwa kuwa wazee wangu walitoka huko, "ukiulizwa jambo wasema 'sawa sawa'. Sawa na nini? Nambie kitu, mwanangu, usinambie sawa."

Nikiyatazama sasa, naona kila kitu kilikuwa wazi, na mimi nilikuwa nakipita kama mtu anayepita mlango akitafuta mlango. Alikuwa akifukiza udi mpaka Baba Khalfan anakohoa. Chetezo kilizunguka nyumba nzima, na bado atauliza, "Umeshika?" Ijumaa alijipaka halud mpaka wanawake msikitini wakigeuka, nami nikidhani ndiyo mapenzi ya watu wa Unguja kwa manukato. Siku moja tulikuwa tunapika wali wa nazi, nazi zenyewe za Salala, na Bi Zuwena amekaa kibao cha mbuzi mgongo kwa jiko, ananisimulia habari ya bwana harusi mmoja wa Malindi aliyelala usingizi mbele ya mashekhe. Wali ukaanza kuungua. Mimi nilikuwa uani naanua nguo, nikaisikia harufu tangu kule, nikangoja. Nilisema moyoni, ananitahini tena, anataka kuona kama nitakuja mwenyewe. Nilipoingia moshi ulishajaa, na yeye bado anacheka na bwana harusi wake. Akanitazama, akatazama sufuria, na uso wake ukawa wa mtu aliyeibiwa njiani. "Ukoko ndio mtamu," akasema. Tukala ukoko mchana ule, sote watatu, na Baba Khalfan akaongeza.

Kiangazi zikashuka zabibu za Jabal Akhdar. Wakati ule njia ya mlimani ilikuwa mbaya. Zilishushwa na punda mpaka Birkat al-Mauz, kisha pikapu. Zilikuwa nyeupe, ndogo, zenye vumbi, na nyuki wamezifuata safari nzima. Watu wengine wanaotengeneza siki hukamua, huchuja, hutupa maganda, na siki yao hutoka nyeupe kama maji ya mchele. Katika nyumba ile hakikutupwa kitu. Tulizichambua vikonyo, tukaziponda kwa mikono katika sinia kubwa, na maji, maganda na kokwa vyote vikaingia mtungini pamoja. "Ganda ndilo lenye maneno," alikuwa akisema. "Maji matupu yana nini?" Juu yake alitia upawa mmoja wa siki ya mwaka uliopita, akasoma Bismillahi, akafunga shashi. Baada ya siku mbili mitungi ilianza kunong'ona. Maganda hupanda juu yakafanya tabaka nene, na asubuhi na jioni tuliyazamisha kwa upongoo wa kuti la mtende, taratibu, na kila siku maji yaliyojitokeza chini yalikuwa yamezidi rangi: kwanza ya majani makavu, kisha ya chai ya rangi, kisha ya chungwa lililoiva. Sijapata kuona kazi inayopendeza macho kama ile. Mikono ya Bi Zuwena katika zabibu ilikuwa na adabu kuliko mikono ya watu wengi katika dua.

Sheria ya mitungi alinifundisha wiki ile ile. "Siki hupita nyumba tatu," akasema. "Ya kwanza utamu, ya pili ulevi, ya tatu ukali. Ya kwanza yetu, ya tatu yetu. Ya kati si yetu, twapita tu, na apitaye nyumba ya watu hagusi kitu." Kwa hivyo tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho hakuna aliyeruhusiwa kuionja. Kidole hakirambwi, upawa hauletwi mdomoni. Pua peke yake ndiyo inayojua nyumba ya pili imekwisha. Na mtengenezaji akisema imefika, imefika, watu wanaila kwa amana yake. Akikosea ataonekana amewalisha Waislamu ulevi. Nilimuuliza kama imewahi kutokea. "Katika nyumba hii? Laa," akasema, na akaugusa mti wa mlango.

Mwaka ule Idi Kubwa ilitangulia, ikaikuta mitungi haina hata wiki sita. Bi Sheikha alikuja kututembelea siku kumi kabla yake. Nilikuwa jikoni napanga vikombe, na Bi Zuwena yuko kando yangu anakata halua, tukamsikia barazani anasema na kaka yake kwa Kiarabu, bila ya kupunguza sauti. "Khalfan, mkeo amechoka. Mwaka jana siki yake ilikuwa kali ya kutoboa, ameiacha imepitiliza. Baba asingeitoa vile. Nitaipokea chupa ya Idi hii, na nikiona kasoro, mitungi irudi ng'ambo kwangu. Khalas, nimenyamaza miaka ya kutosha." Baba Khalfan akasema, "Inshallah kheri," kama anavyosema kwa kila jambo. Kisu cha halua kikasimama. Nilimtazama mama, nikangojea ulimi ule utoke, maana nilikuwa nimeshauona ukimkata muuza ngozi sokoni mpaka akaomba radhi. Haukutoka. Akapangusa kisu, akasema, "Chukua sahani, mwanangu, mpe shikamoo yake." Ndipo nilipojua kwamba mitungi ile sita ilikuwa ndiyo maisha yake katika mji ule. Kwao Unguja hakurudi. Huku aliambiwa mgeni kila siku ya Mungu, ila katika chumba kile cha chini, ambamo hata mzee wa mtaa huvua viatu.

Siku tatu kabla ya Idi, baada ya sala ya adhuhuri, tulishuka. Akafungua shashi ya mtungi wa dirishani, ulioanza kwanza, akainama, akafumba macho, akakaa kitambo. Kisha akasogea. "Haya. Nambie." Nikainama. Nilisikia matunda yaliyosahauliwa kapuni, na unga wa mkate uliovimba, na chini yake kitu cha vuguvugu kilichonipanda kichwani. Nilikuwa na mimba changa wakati ule nami sijui, na dunia nzima ilikuwa inanuka. Ukali ulikuwapo, mwembamba, kwa mbali. Nikainua uso kumtazama, kama kawaida yangu. Alikuwa amefumba macho na kichwa kinakwenda chini juu polepole. Nikasema, basi, ameshakubali. Kazi yangu ni kuitikia. "Imefika, mama."

"Una yakini?"

"Wewe wajua zaidi, mama."

Akapumua kwa nguvu. "Taib. Teka."

Tukachuja chupa moja, rangi yake nzuri ya kuonea fahari, tukaiziba kwa kitambaa safi, na Baba Khalfan akaichukua alipokwenda kusali alasiri ili aipitishe kwa dada yake. Mama akaingia kusali. Mimi nikabaki uani nausuuza upawa. Kifuu kikapata jua, kikapata moto, na ile harufu ikanipanda usoni peke yake, bila ya uso wa mtu wa kuutazama. Nilijua. Nilijua kama unavyojua mlango haukufungwa. Ile ilikuwa nyumba ya pili. Nilisimama pale na upawa mkononi na wasia wa mama yangu kichwani, na ng'ambo ya falaji ulevi uko njiani kwenda kumwagwa juu ya nyama ya Idi ya watu thelathini, katika nyumba ya mtu anayengojea kasoro. Nikimwita mama, nitakuwa nimemwambia mkwe amekosea. Nikinyamaza, nitakuwa nimemzika. Sikumwita wala sikunyamaza. Nilijitanda leso, nikatoka mbio kando ya falaji, bi arusi wa miezi saba, viatu mkononi, na watoto waliokuwa wakioga wakanizomea.

Bi Sheikha alikuwa uani kwake, mikono imejaa bizari na vitunguu thomu, masinia mawili ya nyama mbele yake, majani ya mgomba tayari ya kuifungia kabla ya kufukiwa shimoni mpaka Idi. Chupa ilikuwa imekaa karibu na goti lake, kitambaa bado kimeziba. Baba Khalfan alishapita. Nikamwamkia kwa Kiarabu changu kibovu, nikamwambia naomba chupa, nimekosea mimi, nimeteka mtungi usiokuwa wenyewe. Akapangusa mikono kwa utulivu, akazibua chupa, akainusa. Nilisikia falaji linavyopita nje. Akainusa tena. Huyu alikuwa binti wa mzee mwenye mitungi, na alijua vizuri alichokishika.

"Arusi ameteka," akasema. "Na mkwe wake alikuwa wapi?"

"Anasali."

"Ah. Anasali." Alinitazama kuanzia miguu iliyojaa tope mpaka leso iliyokuwa imeanguka begani. Sijui alichokiona. Labda aliona mtu aliyekuja mbio kwa ajili ya Zuwena, jambo ambalo pengine hakulitegemea katika mji ule. Akaziba chupa, akanipa. "Mwambie Zuwena siki yake ntaingoja. Nyama yangu Idi hii itakula ndimu. Na wewe vaa viatu, yaa binti, utaonekana umefukuzwa." Nimeishi kumpenda mwanamke yule tangu siku ile, na alipokufa nililia kuliko baadhi ya wanawe.

Nilirudi nikamkuta mama barazani, msala umeshakunjwa, ananitafuta. Aliiona chupa. Nikakaa chini mbele yake, nikasema, "Mama, haijafika. Nimekudanganya. Nimeirudisha. Nimemwambia Bi Sheikha kosa ni langu, na kweli ni langu."

"Umenidanganya vipi?"

"Niliisikia kwamba haijafika. Lakini wewe ulikuwa unakubali kwa kichwa, nikadhani... nikadhani wewe wajua zaidi."

Bi Zuwena alikasirika kwanza. Nilimwona anapanda rangi. "Miezi saba nakuuliza," akasema, "miezi saba, Rahma! Asubuhi nakuuliza, jioni nakuuliza, na weye wanambia nnalolitaka?"

"Nilidhani wanitahini, mama."

"Nikutahini nini! Miye mwalimu?" Sauti yake ikavunjika pale, na akaitazama chupa iliyokuwa mapajani mwangu. "Sisikii kitu, mwanangu. Tangu homa ya mwaka juzi. Sisikii udi, sisikii nazi, sisikii wali unaungua nyuma ya mgongo wangu. Mwaka jana niliziacha mpaka zikaniwasha macho, ndipo nikajua. Mwaka huu Idi haikuningoja. Leo macho hayakuniwasha, lakini weye ukasema imefika. Nikasema, labda na macho sasa yamekufa." Akalia. Sikuwa nimepata kumwona analia, na sikujua arusi afanye nini mkwe akilia, wasia wa mama yangu haukufika huko. Nikamshika miguu. Alikuwa na miguu midogo yenye baridi.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Baba Khalfan. "Khalfan?" Akajipangusa kwa upande wa kanga, na ulimi ukaanza kurudi. "Khalfan hajui kusema uongo, maskini ya Mungu. Dada yake akimuuliza tu, 'Zuwena hajambo?', atamjibu, 'Hajambo, ila pua.'" Tukacheka wote wawili, tukicheka huku tunajifuta. Kisha akawa mkali. "Sasa sikiliza. Hii itakufa baina yetu, mpaka nife miye. Nikishazikwa sema utakavyo. Na kuanzia leo ukinambia tena 'wewe wajua zaidi, mama', wallahi n'takurejesha Ibra kwa pikapu ya zabibu."

Chupa tuliimimina mtungini, juu ya maganda yake, tukafunga shashi. Haikutolewa tena mpaka baridi ilipoingia. Kila asubuhi na jioni niliinama, na yeye amesimama kando kama mtu anayesomewa barua. Ndipo nilipojifunza. Mimi nilikuwa na pua isiyojua neno, yeye alikuwa na maneno yote bila ya pua. Ningesema, "Leo kuna kitu kama jiwe lililolowa." Naye atasema, "Hilo ni ganda linaachia, zuri hilo. Utamu je?" "Utamu uko mlangoni, unatoka." "Mwache atoke, usimwite." Asubuhi moja ya baridi nilifungua na ukali ukanipiga puani moja kwa moja, safi, hauna mwenzake, machozi yakanitoka. Sikumtazama usoni. "Imefika," nikasema. Yeye akainama, akakaa kitambo, akainuka na machozi yake pia, anapepesa macho na kucheka. "Yaniwasha," akasema. "Yaniwasha, alhamdulillahi." Siki ile ilikaa na maganda kuliko zote zilizopata kutoka nyumba ile, na ilitoka na rangi ya chungwa ya ndani kabisa. Tuliionja siku ile kwa mara ya kwanza, tone moja moja kiganjani. Bi Sheikha alipopelekewa chupa yake aliinusa, akasema "zein". Safari hii akaongeza: "Kama ya baba." Na upawa mmoja wa mtungi ule ndio uliotiwa katika siki ya mwaka uliofuata, na wa mwaka huo katika wa mbele yake, mpaka hii iliyomo sasa.

Maswali yake hayakukoma, ila sasa nilijua anachokitaka, nami nilimpa. Nilimwelezea mvua inapogusa vumbi la uani. Nilimwelezea duka la halua, dawa ya mbu, shati la Said linaporudi kutoka Maskati. Alikuwa akila chakula taratibu, macho kwangu, nami namwambia: hiliki, mama, na karafuu moja imezidi. "Imezidi kweli au wanifurahisha?" "Imezidi." "Ahsanti." Sijapata kuwa na maana kwa mtu kama nilivyokuwa na maana kwa yule bibi katika meza ya chakula. Na kila mwaka aliinama yeye juu ya mtungi mbele ya watu, akafumba macho, na mimi nyuma yake namgusa mgongo kwa kidole: kimoja bado, viwili tayari. Hiyo ndiyo pua ya Bi Zuwena iliyosifiwa mpaka Maskati. Na bado nasema waliosifu hawakukosea, kwa sababu kidole changu kilisema bado na tayari tu. Yote yaliyobaki yalikuwa yake.

Mwaka ule ulimalizika kwa mtoto. Nilijifungua binti yangu wa kwanza zabibu za mlimani zikiwa bado maua, na Bi Zuwena ndiye aliyempokea kutoka kwa mkunga, akamfuta, akamsomea. Wanawake walikuwa wengi chumbani, kila mmoja anamtaka. Hakumpa mtu. Alikuja naye kwangu kitandani, akamwinamia, akaweka pua yake juu ya utosi wa mtoto na kuvuta pumzi ndefu kama wanavyofanya mabibi wote wa dunia. Walioona walisema, "Mashallah, bibi anamnusa mjukuu." Mimi nilimwona anapoinua uso. Akanisogelea sikioni. "Haya," akasema polepole, "nambie." Nilikuwa nimechoka hata macho hayafunguki. Nikamnusa mwanangu kwa ajili yake. Nikamwambia: maziwa. Mkate wa mofa ukiwa bado moto. Na kitu kingine, mama, sikijui jina. "Hicho hicho," akasema. "Nakikumbuka hicho. Said alikuwa nacho." Akarudi kwenye kiti na mjukuu wake, na hakuuliza tena siku ile.

Wiki iliyopita tulimwosha. Mimi nilikuwa kichwani, na mwoshaji, mama aliyetoka Firq anayejua kazi yake, upande wa mkono wa kulia. Maji ya kwanza yalikuwa ya majani ya mkunazi, ya mwisho ya kafuri. Mlangoni chetezo kilikuwa kinafukizia sanda. Nilikuwa nammiminia maji begani taratibu, kama alivyopenda kazi ifanywe, na mdomo wangu ulikuwa unakwenda wenyewe, karibu na sikio lake. Mkunazi, mama, mbichi, umechumwa leo. Sasa kafuri. Na udi, wa kiasi, hakuna anayekohoa. Mwoshaji akasimamisha mkono. Akaniuliza kwa upole nasema na nani.

Nikamwambia, "Namjibu mama."